Kipimajoto cha nyama: kazi yote iko kwenye ncha

Wengi wetu tulijifunza kupika kwa macho. Unaichoma nyama kwa uma, unatazama maji yanayotoka, yakiwa hayana damu unaepua. Kwa nyama iliyotokota saa mbili sufuriani, utaratibu huo hauna neno. Taabu inaanza ukiwa ugenini, mbele yako oveni usiyoijua tabia yake na kidari cha kuku kinene kama ngumi.

Rangi hudanganya. Nyama ya kusaga inaweza kuwa kahawia kabla haijafikia joto la kuua bakteria. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema hutokea kwa baga moja katika kila nne. Kuku naye anaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa ilhali ameshaiva, ukaendelea kumkausha bure.

Kabla ya namba, tazama kifaa chako kinasoma kwa Selsiasi au Farenhaiti. Mapishi ya Marekani huandikwa kwa Farenhaiti, na nyuzi 63 za Farenhaiti ni hali ya hewa ya kuvaa sweta, si nyama iliyoiva.

Viwango vya Marekani ni hivi: kuku, bata na ndege wengine 74°C (165°F). Nyama ya kusaga ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe 71°C (160°F). Vipande vizima vya nyama hizo, kama steki, 63°C (145°F), kisha viache vitulie dakika 3 kabla ya kukata. Samaki 63°C. Kiporo unachopasha, 74°C. Uingereza wao husema 70°C kwa dakika 2, kwa sababu kinachoua bakteria ni joto na muda kwa pamoja. Fuata utaratibu mmoja, usichanganye.

Mbona ya kusaga inadai zaidi kuliko steki? Kwenye kipande kizima, bakteria kwa kawaida hukaa juu, na juu ndiko kunakokutana na moto kwanza. Ukisaga, unawaingiza mpaka katikati.

Sasa ncha. Choma penye unene kuliko kote, mbali na mfupa, mafuta na chombo. Kwa kuku mzima, choma sehemu ya ndani ya paja linapoungana na mwili, halafu kidari penye unene. Baga ichome kwa ubavuni, sindano ilale ndani ya nyama. Hili nililipia mwenyewe: niliichoma kutoka juu, namba ikapanda hadi 78, nikapakua kwa furaha. Tulipoikata, katikati ilikuwa bado inateleza. Sindano ilikuwa imepenya nyama ikagusa kikaango, nami nilikuwa nimepima kikaango.

Tangu hapo nina mazoea haya: naipitisha ncha kidogo mbele ya katikati, kisha naivuta nyuma polepole huku nikitazama namba. Namba ya chini kabisa ndiyo ninayoiamini.

Kipimajoto cha mshale hupima kwa sehemu ndefu ya sindano, kwa hiyo lazima kizame sentimita 5 au zaidi. Kwa nyama nyembamba hakifai. Cha kidijitali hupima nchani, na ndicho ningekushauri ununue. Kile cha bastola, kinachopima bila kugusa, kinasoma juu ya nyama tu. Cha homa kiache kwenye sanduku la dawa.

Kukihakiki ni rahisi. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji baridi, koroga, tumbukiza sindano bila kugusa glasi. Ikitulia kwenye 0°C, ni kizima. Ikisoma 2, kirekebishe kama kina kitufe au nati ya kazi hiyo. Kama hakina, toa 2 kila unapopima.

Kila ukichomoa, osha sindano kwa maji ya moto na sabuni. Ukipima kuku akasoma 60, sindano hiyo imegusa nyama mbichi, usiirudishe hivyo hivyo kwenye nyama iliyokwisha kuiva.

Na usikiache kipimajoto ndani ya oveni mlango ukifungwa, isipokuwa maelezo yake yanaruhusu. Vingi vina kichwa cha plastiki, na plastiki huiva kabla ya kuku.