Tairi kuukuu badala ya haro
Nimelijaribu msimu huu na limenifaa: kama shamba ni dogo, umeshalilima kwa plau na huna haro (zana ya kuvunja madongoa na kusawazisha udongo baada ya kulima), funga tairi tatu kuukuu kwa mnyororo, moja mbele na mbili nyuma, uziburute kwa trekta ikiwa gia ya chini. Uzito wake huvunja madongoa, na kingo zake hukwangua matuta na kujaza mabonde, hivyo mbegu hukaa kina kimoja na kuota pamoja. Pita kwanza kwa urefu, kisha kwa mshazari. Mzunguko huo wa pili ndio unaosawazisha hasa.

Kila kitu hutegemea unyevu. Finyanga udongo kiganjani, uubonyeze kwa kidole. Ukimeguka, ingia shambani. Ukinata, subiri, maana utashindiliwa na kukauka kama gamba. Madongoa yaliyokauka kama mawe nayo hayavunjiki, tairi huruka juu yake tu. Magugu marefu yaondoe kabla.

Mnyororo ufungwe chini, kwenye chuma cha kukokotea. Tafadhali usiufunge juu ya ekseli (chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma): trekta inaweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva.