Sheria ya kazi ikibadilika, anza na tarehe

Sheria ya kazi ikiguswa tu, simu yangu huanza kuita. Mwajiri huuliza, "Sasa nilipe kiasi gani zaidi?" Nami humrudishia swali: inaanza kutumika lini, na siku hiyo nani atakuwa katikati? Katika miaka yangu ya uafisa utumishi, hesabu ya pesa haijawahi kunitoa jasho kama mtu ambaye tarehe mpya ilimkuta tayari yuko likizo, yuko kwenye majaribio, au ameshapewa notisi.

Basi tafuta sheria yenyewe, siyo habari ya gazetini. Kabla ya kusoma chochote kingine, soma kifungu cha kuanza kutumika, kifungu cha tafsiri (hapo ndipo utajua "mfanyakazi" ni nani), na masharti ya mpito (yanayosema aliyekuwa katikati atahesabiwa kwa sheria ipi). Sheria inaweza kupitishwa leo ikaanza baada ya mwaka au miwili. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, ulipitishwa Juni 2019, ukaanza kutumika 25 Juni 2021. Tena, mkataba wa kimataifa huibana nchi iliyouridhia. Wewe unabanwa na sheria ya nchi yako.

Masharti ya mpito hukaa mwisho kabisa, kwa hiyo watu hawafiki. Mimi mwenyewe sikufika. Likizo ya uzazi ilikuwa imeongezwa, na mama mmoja ofisini alikuwa ameshatoka wiki tatu kabla. Nikamhesabia kwa sheria ya zamani, nikamwandikia arudi. Akarudi kweli, na nakala ya sheria mkobani, ukurasa wa mwisho umekunjwa: aliyekuwa likizoni siku ile alistahili siku mpya. Nilimwomba radhi, akarudi kwa mtoto wake. Tangu hapo, kabla ya tarehe kufika, huandika majina ya wote walio likizoni, kwenye majaribio, kwenye notisi au wanaokaribia kustaafu, na mbele ya kila jina naandika kifungu kinachomhusu.

Likizo ya uzazi ni mfano mzuri wa namna namba zinavyosogea. Mkataba Na. 103 wa Shirika hilohilo la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, ulitaka angalau wiki 12, yaani siku 84. Na. 183 wa mwaka 2000 ukapandisha hadi wiki 14, siku 98. India ilitoka wiki 12 hadi 26 mwaka 2017. Kama mikataba yako ya ajira imeandikwa "siku 84" kavukavu, utaibadilisha mmoja mmoja kila sheria ikisogea. Andika "siku 84 au zaidi kadiri sheria itakavyoelekeza". Lakini kama ulikuwa unatoa siku nyingi kuliko sheria mpya inavyodai, usizipunguze kwa kisingizio cha sheria. Sheria inaweka sakafu, haiweki dari, na ulichoahidi kwenye mkataba kinabaki deni.

Kwenye makato, asilimia ni rahisi, kila mtu anaiona. Kinachoponza ni msingi wa hesabu. Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi 100 na posho 40. Mchango wa asilimia 5 juu ya msingi ni 5. Juu ya jumla ni 7. Ukikosea kwa mwaka mzima, kwa wafanyakazi thelathini, malimbikizo yake yatakukuta siku ya ukaguzi pamoja na adhabu. Angalia pia mchango upi ni wa mwajiri. Nimeona fungu la mwajiri likikatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi kimyakimya, na kimya hicho hakidumu.

Usisahau fomu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2023 kuhusu uwazi wa mishahara, ambalo nchi wanachama zilipewa hadi 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao, linakataza kumuuliza mwombaji kazi alikuwa akilipwa kiasi gani. Mwajiri wa huko anaweza kurekebisha sera yake vizuri kabisa, halafu fomu ya maombi ikaendelea kuuliza. Vivyo hivyo sera ya unyanyasaji: Mkataba Na. 190 unamgusa hata mwanafunzi wa mafunzo kazini na mwombaji kazi, na unafika hadi safari ya kwenda kazini na ujumbe wa simu. Sera nyingi bado zinaishia mlangoni mwa ofisi.

Mwisho, waambie watu kabla ya siku ya mshahara, kwa maandishi mafupi. Barua yangu huwa hivi: "Kuanzia tarehe fulani, kwa mujibu wa kifungu fulani, makato yako yatatoka kiasi hiki hadi kiasi hiki. Mchango wa mwajiri utakuwa huu. Kama hesabu haikuelei, njoo na karatasi yako ya mshahara tuipitie pamoja." Weka namba za mtu mwenyewe, siyo mfano wa jumla. Chapisha nakala mbili. Moja aondoke nayo. Ya pili asaini kuwa ameipokea, iingie kwenye faili lake siku hiyohiyo.