SOMO: Mzigo ukiwa baharini, uko kwenye daftari la nani? (Ghala Unguja, tawi Pemba)

Swali hili linaulizwa kila wiki, kwa hivyo naliandika mara moja. Mukiuliza tena nitawaelekeza hapa. Tunatengeneza mfumo wa kompyuta wa kuhesabu mzigo wa duka. Mfano wetu ni kampuni ya jumla yenye ghala Malindi na duka Darajani, zote Unguja, na tawi Chake Chake, Pemba.

1. Chora kwanza kwa kalamu: mzigo unapita wapi, karatasi gani inaandikwa, nani anasaini.

2. Orodha ya bidhaa iwe moja, na wa kuiongeza awe mtu mmoja. Vyenginevyo "sukari 50", "Sukari nyeupe" na "sukar" zitakuwa bidhaa tatu.

3. Hesabu kwa kipimo kidogo kabisa munachouza. Jedwali la pembeni liseme katoni ya mafuta ni chupa 12. "Polo" (gunia) si kipimo: la kilo 50 ni polo na la kilo 25 ni polo. Kila moja lipewe namba yake.

4. Muamala (kila mzigo unapoingia au kutoka) uingizwe mara moja, pale unapotokea. Mhasibu asome tu, asinakili upya.

5. Mzigo wa Pemba. Mifumo mingi huharibika hapa, na wangu wa kwanza uliharibika hapa hapa. Watu huandika muamala mmoja: toa 200 Malindi, ongeza 200 Chake. Papo hapo Chake inaonekana ina mifuko 200 ilhali bado iko bandarini, na muuzaji ameshapokea pesa ya mteja. Ikifika 197, karani anabadilisha 200 kuwa 197, na ile mitatu haipo popote. Tengeneza ghala jengine, la kwenye mfumo tu, liite NJIANI. Malindi inatoa 200 kwenda NJIANI. Chake inapokea kutoka NJIANI ilichokihesabu. Mitatu inabaki NJIANI, inaonekana, mpaka mtu aandike sababu: imechanika, imerowa au haikupakiwa.

TAHADHARI: anayepokea asioneshwe idadi iliyotumwa. Akiiona 200 ataandika 200 bila ya kuhesabu. Aliyetuma asiwe na ruhusa ya kupokea. Kilichokaa NJIANI zaidi ya siku 3 kitokee kwenye ripoti ya meneja kila asubuhi.

6. Muamala haufutwi. Ukikosea, andika mwengine wa kinyume chake, wa kuugeuza.

MASWALI

MwanaDarajani: Naomba faili lako la Excel lililokamilika.
— Lina bidhaa zangu, si zako. Anza hatua ya 1.

Bosi_Mdogo: Sisi tunatuma picha za delivari (karatasi za kukabidhi mzigo) WhatsApp, inatosha. Haya yote ya nini?
— Jumlisha picha za mwezi uliopita, uniambie sukari imebaki mifuko mingapi.

Karani_Wete: Asalaam aleikum mwalimu. Intaneti ikikatika tunaendelea kuandika kwenye kompyuta yetu. Tukija kuunganisha, delivari namba 145 ziko mbili. Tufanyeje?
— Waaleikum salaam, umeuliza jambo. Namba zinatolewa na mashine mbili zisizosemezana. Ipe kila sehemu herufi yake: U-000145, W-000145, hazitogongana. Tena hifadhi nyakati mbili: mzigo ulipopokelewa, na taarifa ilipofika Unguja. Ripoti ya mzigo ifuate wakati wa kwanza. Wa pili utakuonesha kilichochelewa. Umeme ukizimika, tumieni kitabu cha delivari chenye namba zilizochapwa, na mfumo ukatae namba iliyokwisha ingizwa.

Karani_Wete: Ahsante. Na mtunza ghala kaandika saa 2, ripoti inasema mzigo umepokelewa usiku wa manane!
— Yeye kakusudia saa 2 asubuhi, kompyuta inataka 08:00. Musiandike saa kwa mkono, mfumo uichukue wenyewe.

Fundi_Mkele: Nyongeza. Safu ya namba za bidhaa ifanyeni maandishi kabla ya kuingiza. Excel ikiona 00417 inaifanya 417, na simu za wateja zinapoteza sifuri ya mwanzo.
— Kweli kabisa.

Bi_Kaunta: Risiti zetu za mashine zinafifia, kaunta inapigwa na jua.
— Karatasi ile huandikwa kwa joto, si kwa wino. Ipige picha siku hiyo hiyo, jina la faili liwe namba ya muamala. Na usiilaminishe, joto la mashine ile litaigeuza nyeusi yote.