Namna ya kumpima mgonjwa kwa kina hata kama vifaa ni vichache

Wenzangu manesi, na nyie ndugu zetu wa fiziotherapia, eksirei na maabara maana mgonjwa anaweza kubadilika akiwa mikononi mwenu pia, naomba tuanze na pumzi. Pitia mafaili ya wodi yako leo, bibi pumzi 20 kwa dakika, kijana wa malaria 20, aliyetoka kupasuliwa 20, hiyo sio kuhesabu jamani, ni kunakili.

Mimi nafanya kazi huku Kigoma, mwambao wa ziwa, na kuna usiku aliletwa mvuvi kwa boti, anaongea vizuri tu, ikaandikwa 20 na mimi nilikuwa zamu nikaipitisha. Baadae nikakaa nae nikahesabu dakika nzima, 28. Inaniuma mpaka leo. Mapigo yalikuwa 118, namba ya juu ya presha 104, joto 38.4, oksijeni 94, fahamu zipo. Sasa kuna skoo inaitwa NEWS2, unajumlisha pointi za vipimo kuona mgonjwa kazidiwa kiasi gani, ya Royal College of Physicians ya Uingereza, toleo la 2017. Kwa vipimo hivyo ukiweka pumzi 20 inakuja 5, ukiweka 28 inakuja 8. 5 ni tabibu aje haraka na mgonjwa apimwe angalau kila saa, 7 kwenda juu ni dharura kabisa, humwachi. Yaani namba moja ya kubuni ilimshusha ngazi nzima. (Skoo hii sio ya watoto chini ya miaka 16 wala wajawazito.)

Kuhesabu kwenyewe: shika mkono wake kama unapima mapigo, usimwambie unahesabu pumzi maana atabadilisha, angalia kifua kinavyopanda, weka simu sekunde 60, sio 15 halafu unazidisha. Mtu mzima ni 12 mpaka 20, ikifika 25 shtuka. Mtoto asiwe analia wala ananyonya, chini ya miezi 2 pumzi 60 ni haraka, miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40.

Halafu fuata mpangilio uleule kila siku, njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, mwisho mfunue umwangalie mwili mzima, na ukikuta tatizo mahali shughulika nalo hapohapo ndo uendelee. Kwenye damu bonyeza kidole sekunde 5 uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2, ila kama katoka ziwani alfajiri vidole ni barafu, bonyeza kwenye mfupa wa kifua. Weupe wa kupungukiwa damu usiutafute usoni, angalia viganja, ulimi na ndani ya kope la chini. Aliyechanganyikiwa ghafla pima sukari kabla hujasema ni malaria imepanda kichwani, na ukumbuke anaweza kuwa anaongea Kiha tu na wewe hukielewi, muulize ndugu yake kama ndivyo anavyoongea siku zote. Kumfunua ndo watu wanaona aibu, mfunike kitenge ufunue kipande kipande, mgeuze uone mgongo.

Oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, nayo isikudanganye, hina, rangi ya kucha na baridi vinaiharibu, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu inaweza kusoma juu kuliko oksijeni iliyopo kweli. Ikisema 95 na mtu anavuta shingo kupumua, amini shingo.

Kufundishana hakuhitaji semina ya mjini. Tengeni lisaa moja kwa wiki, watu wawili wampime mgonjwa mmoja bila kuoneshana, mkitofautiana rudini wote kitandani. Kisha mzoee kupiga simu: "Dokta, ni nesi wa wodi ya wanaume, kitanda cha 6 pumzi 28 na skoo 8, kaja na homa siku 3, nahisi maambukizi yameingia kwenye damu, naomba uje sasa hivi, na wakati unakuja nianze nini?" Hali, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba. Ukisema tu "mgonjwa hayuko vizuri" haji mtu, na huku kwetu rufaa inaweza kusubiri boti kwa hiyo lisaa likipotea limepotea.

Ukishamwekea oksijeni ongeza pointi 2 kwenye skoo, andika saa, na rudi umhesabu pumzi upya dakika nzima, hata kama anakwambia nesi mimi niko poa.