Anza na kijiko: kusoma na vijana kumbukumbu za manusura wa Holokosti

Mara ya kwanza nilianza vibaya. Niliandika ubaoni idadi ya waliouawa na Wanazi wa Ujerumani: Wayahudi milioni 6. Vijana wangu, wa miaka 13 na 14, wakanakili, wakapiga mstari chini, wakasubiri la kuandika tena. Siku hizi naanza na kijiko.

Primo Levi, mkemia Myahudi wa Turin, Italia, aliyefungwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1944, alieleza kwamba mfungwa mgeni alipewa supu bila kijiko. Alambe kama mbwa, au atoe nusu ya mkate wake wa siku akinunue kwa magendo. Kambi ilipokombolewa Januari 1945, ghalani vikakutwa vijiko maelfu kwa maelfu. Hapo nanyamaza. Safari moja kijana mmoja alishika kichwa: "Kumbe vilikuwepo?" Tulimaliza kipindi kizima kwenye swali hilo.

Kitabu utakachosoma na vijana kisome chote wewe kwanza. Hakikisha ni kumbukumbu za aliyeyapitia, si riwaya. Vijana wakigundua baadaye kwamba mhusika ni wa kubuni, watashuku hata vile vya kweli. Ukipata mwandishi aliyekuwa rika lao, bora zaidi. Elie Wiesel, manusura mwingine wa Auschwitz, alikuwa na miaka 15 alipopakiwa kwenye treni kutoka Sighet, mji wa kwao. Kurasa nzito ziwekee alama, uzisome nao kwa sauti, mchana, na anayetaka kutoka nje atoke bila kuulizwa. Usiwape wakazisome peke yao usiku. Za mwanzoni, zenye majirani, masomo na ugomvi wa nyumbani, usiziruke hata kama wanapiga miayo. Bila hizo hawatajua ni nini kilichoporwa.

Jiandae kwa swali moja, maana halikosi: "Kwa nini hawakukimbia?" Zamani nilikuwa nakasirika. Sasa naandika tarehe tu. Ujerumani iliivamia Hungaria, iliyokuwa ikiitawala Sighet, tarehe 19 Machi 1944. Katikati ya Mei treni zikaanza kuondoka, na kufikia tarehe 9 Julai Wayahudi wapatao 440,000 walikuwa wamesafirishwa, wengi wao hadi Auschwitz. Waache wahesabu wiki wenyewe. Kisha waambie kuhusu mkutano wa Évian, Ufaransa, Julai 1938: nchi 32 zilijadili wakimbizi wa Kiyahudi, na karibu zote zikakataa kuongeza nafasi. Akimbilie wapi?

Michezo ya kuigiza, ile ya kuwabana watoto chumbani eti waonje behewa lilivyokuwa, achana nayo. Niliwahi kuishuhudia. Walicheka, na siwalaumu. Walijua mlango utafunguliwa.

Mkimaliza, usikimbilie kuuliza "mmejifunza nini?" Wape siku mbili tatu. Yule wa kijiko alinifuata baada ya siku tatu, akataka kujua kama Levi alikipata chake. Nilimpa kitabu akatafute.