Kabla hujanunua gari la zamani ulifufue

Injini iliyokufa isikutishe. Hiyo hufunguliwa, ikatiwa ringi na beringi mpya, ikawaka. Kinachowashinda wengi ni kutu, kwa sababu bati lililooza hukatwa kipande kwa kipande na kuchomelewa upya, na kazi hiyo humeza miezi.

Kwa hiyo siku ya kwenda kulikagua, vaa nguo usizojali kuzichafua ukilala chini ya gari, uchukue tochi, bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chepesi isikwaruze rangi. Ipitishe taratibu chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Ikinata, pana bati. Ikiteleza ghafla, pamejazwa puti, yaani lipu ya kuficha bati lililooza. Kisha inua zulia ugonge sakafu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza hutoa mlio mzito uliofifia, na vumbi la kutu huanguka. Tazama pia chini ya betri, maana tindikali hula chuma kimyakimya. Kwa Land Rover za zamani sumaku haitoshi: sehemu kubwa ya bodi ni alumini, isiyoshika sumaku, lakini chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni ya chuma na huoza kuanzia ndani, basi igonge yote.

Ulizia vipuri kabla ya bei. Volkswagen Beetle ziliundwa zaidi ya milioni 21, hadi mwaka 2003, ndiyo maana mgeni wa kazi hii namshauri aanze na gari la aina hiyo. Gari adimu laweza kukaa miaka likisubiri kioo cha mbele tu. Namba ya chesisi nayo ilingane na ya kwenye hati, isipolingana, ondoka.

Nafasi unayodhani inatosha, izidishe mara mbili, kwani gari lililofunguliwa hutapakaa. Piga picha kabla ya kulegeza nati yoyote, na bolti za kila sehemu zikae kwenye mfuko wake wenye jina. Baada ya mwaka hutakumbuka ipi ilikuwa ya wapi.

Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi za chuma za kulishikilia. Tangi la petroli usilichomelee hata kama limekaa tupu muda mrefu, mvuke uliobaki hulipuka. Vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto, na rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi: vaa barakoa, lowesha kwanza, usipulize.

Halafu usilifungue lote wiki ya kwanza. Anza na breki, uzimalize, ndipo uguse kingine.