Mambo ya kuzingatia kabla ya kuweka samadi na mbolea ya viwandani kwenye maharage

Maharage hayampi mkulima muda wa kusahihisha makosa. Aina nyingi fupi hukomaa katika muda wa miezi mitatu hivi, na maua huanza kuonekana mapema, kwa hiyo anayengoja majani yageuke manjano ndipo aanze kutafuta mbolea huwa amekwisha kupoteza sehemu ya mavuno. Zaidi ya hayo, fosforasi, ambayo zao hili huihitaji sana kwa ajili ya mizizi na maua, husogea kidogo mno udongoni, na isipowekwa karibu na mbegu siku ya kupanda mmea hautaifikia kwa wakati.

Anza na udongo wenyewe. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kumi au zaidi za shamba, uchanganye, kisha upeleke kiasi kidogo kupimwa. Iwapo pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, iko chini ya 5.5, sehemu kubwa ya fosforasi utakayoinunua itafungwa na alumini na chuma vilivyomo udongoni. Hapo chokaa ya kilimo hutangulia, nayo ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, isiwekwe pamoja na mbolea yenye amonia, kwa maana naitrojeni itapotea hewani.

Samadi ndiyo inayohitaji maandalizi marefu zaidi, na kwa maoni yangu ndipo wengi wanapojikwaa. Samadi mbichi huunguza miche, huleta mbegu za magugu na huvutia wadudu wanaokata mashina. Irundike kivulini miezi miwili hadi mitatu kabla ya msimu, uifunike ili mvua isiilowanishe na kuondoa virutubisho, na uigeuze mara kwa mara. Imeiva ikiwa ndani ya rundo hakuna joto tena, harufu ni ya udongo wa msituni, na nyasi zilizokuwamo hazitambuliki. Hata hivyo, usiamini macho peke yake: changanya kidogo na udongo katika kopo, upande mbegu chache za maharage, na uzitazame kwa wiki tatu. Majani yakijikunja kama kikombe, huenda mifugo ilikula malisho yaliyopuliziwa dawa ya magugu inayodumu muda mrefu, na samadi hiyo isiingie shambani kwa zao hili.

Kuhusu mbolea ya viwandani, kumbuka kwamba bakteria waishio katika vinundu vya mizizi huupatia mmea sehemu ya naitrojeni, ingawa maharage ni dhaifu katika jambo hili yakilinganishwa na soya au kunde. Naitrojeni kidogo ya kuanzia inafaa. Ikizidi, vinundu hupungua na mmea hujaza majani badala ya maganda. DAP, mbolea ya kupandia, ina naitrojeni asilimia 18 na fosforasi asilimia 46 kwa kipimo cha P2O5 (oksidi ya fosforasi), na mahali penye samadi nyingi ya kuku TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni, yaweza kutosha.

Fanya hesabu kabla ya kwenda shambani. Mistari ikiachana sentimita 50, ekari moja ina takriban mita 8,000 za mistari. Mfuko wa kilo 50 unatoa gramu 6 hivi kwa kila mita, karibu kizibo kimoja cha soda, na tani mbili za samadi hutoa gramu 250. Vyote viwili hutangulia mferejini, hufunikwa kwa udongo wa sentimita 5 hivi, ndipo mbegu ifuate, kwa sababu chumvi ya mbolea ikigusa mbegu huizuia kuota.

Mwisho, tenga mapema mistari mitatu isiyotiwa chochote. Maua yatakapoanza, chimbua mimea michache ya mistari hiyo na ya ile iliyotiwa mbolea ili ulinganishe, na upasue vinundu: vyenye rangi ya waridi au nyekundu ndani vinafanya kazi, vya kijani au kijivu vimekoma.